Daftari la Geti

Mbele ya daftari kuna namba za magari,
saa, jina la dereva, sili ya kontena.
Nyuma, kurasa ambazo msimamizi hafiki,
naandika swali langu moja kwa kalamu nyekundu,
maana ya buluu ni mali ya kampuni:
ulijifunzia wapi?

Semi ya alfajiri, matope mpaka kioo: "Kwa kaka,
kwenye fuso la mchanga, Bunju."
Tela la mafuta: "Jeshini."
Mwenye kofia ya sufi, na joto lote hili la Kurasini:
"Kwa kuiba funguo, bosi akilala."
Mmoja akacheka: "Vipi dada, unanishtaki?"
Sikumjibu. Nina laki nane na ishirini kwenye simu,
nina miaka ishirini na saba,
na nimechoka kufungulia wengine geti.

Lugome, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, anasema:
"Panda kwangu, uwe utingo. Safari kumi za Tunduma.
Utafunga turubai, utaweka jiwe tairini,
utagonga kwa nyundo matairi yote ishirini na mawili
usikie lipi linaitika vibaya.
Ya kumi na moja nakuachia usukani."
Hadai hata senti.
Ila kitanda nyuma ya kiti ni kimoja,
na mkewe alishanitangulia kuliuliza hilo.

Kessi ana bahasha. Picha mbili, laki tatu,
Ijumaa cheti mkononi,
mguu haujaijua klachi.

Chuoni nilikwenda Jumamosi.
Feni moja, madawati, injini imepasuliwa
kama samaki wa kukaanga.
Ada yao inakula akiba yote na kulamba sahani.
Bi Ndekirwa, mwalimu, hakunipa karatasi ya matangazo.
Alinipa viberiti viwili vilivyofungwa kwa uzi:
"Hiki kichwa, hili tela. Rudisha nyuma."
Nikakata kulia; mkia ukaenda kushoto.
"Umeona? Wapo barabarani miaka kumi, hilo bado wanalibahatisha."

Jumanne mvua ilishuka.
Kijana mwenye leseni daraja E, plastiki bado inang'aa,
alitakiwa kurudisha tela mlango wa nne.
Dakika arobaini. Foleni ya honi nyuma yake.
Akaangusha nguzo ninayoegemea mchana.
Ndipo utingo wake, Mashibe, peku, asiye na leseni hata ya pikipiki,
akapanda, akatazama kioo mara mbili,
akalichomeka tela kama kisu alani.
Tulipiga makofi, hata wapagazi.
Nikaandika: UTINGO. Nikapigia mistari miwili.

Alhamisi nikamwuliza Mashibe
breki ya upepo inafanyaje kazi.
"Unakanyaga, inashika."
Na isiposhika?
Akapandisha mabega. "Unamwomba Mungu, dada."
Kitonga sijapita. Nasikia ni mteremko mrefu
kwa sala fupi kama hiyo.
Sikuifuta mistari yangu miwili,
lakini kalamu niliiweka chini.

Usiku zamu ikipoa, chai imeshakuwa maji,
navitoa viberiti mfukoni.
Navirudisha nyuma kati ya kikombe na tochi,
nakosea, nanyoosha, naanza tena.
Ukitaka mkia uende huku, mkono unaanzia kule.
Basi labda njia ya kufika kwenye kiti cha Lugome
inaanza kwa kumpa yeye mgongo:
wiki nane kwa Bi Ndekirwa kwanza,
nijue upepo unaishi wapi ndani ya breki,
halafu nyundo, halafu turubai,
na kuhusu kitanda, nina mkeka wangu.

Nimepungukiwa elfu themanini.
Redio imeshapata mteja Keko.

Mstari wa mwisho, nyuma ya daftari,
nimeandika: Asinati Mkwandule.
Ulijifunzia wapi?
Hapo nimeacha wazi.

Taa mbili kubwa zinakata kona, honi inalia.
Nachukua ya buluu.
Naenda kufungua.