Swali la Nne

Taja dalili, sababu na tiba.
Alama ishirini. Dakika arobaini.
Chumba cha mtihani kiko juu kilimani, Dodoma yote chini,
upepo wa Julai unasukuma vumbi chini ya mlango
kama mtu anayepenyeza barua.

Dalili nazijua.
Kusikia sauti zisizo na mwenyewe.
Kujitenga. Kuacha kuoga. Sentensi kukatikia njiani.
Nazijua kwa namba, kwa mpangilio wa kitabu,
na nazijua kwa jina: Ndahani,
aliyenitangulia kuzaliwa kwa masika mawili,
aliyeacha mkasi juu ya mzabibu kule Hombolo
akasema pipa la maji limemwita.

Sisi tulicheka. Hilo siliandiki.
Tulicheka, maana pipa lilikuwa tupu.

Sababu ni mseto, husema mhadhiri Chilongani:
damu ya ukoo, kemia ya ubongo, bangi, msiba, njaa ya utotoni.
Nyumbani sababu zilikuwa fupi zaidi.
Baba mdogo alisema shamba. Kuna mtu kaonea kijicho shamba.
Bibi alisema ni mama, aliyepita njia panda na mimba
saa sita mchana.
Mama hakusema kitu. Alikoroga mlenda
hadi ukashika chini ya chungu.

Tiba.
Kwanza kamba ya katani, nguzo ya kati ya tembe,
wiki tatu. Mimi ndiye niliyempelekea maji.
Kisha mganga wa upande wa Mpwapwa: mbuzi wawili,
chale kumi na nne.
Kisha mkesha wa maombi, mikono ya watu kichwani
mpaka shingo ikavimba.
Mirembe ilikuja mwisho, kwa kuwa Mirembe lilikuwa tusi.
Shuleni ukikosea hesabu: "Mrudisheni Mirembe huyu!"
Nililitumia na mimi. Nilikuwa na ulimi mwepesi.

Sasa kila Jumanne napita geti lile na koti jeupe,
kitambulisho shingoni, kalamu mbili.
Wodini mama mmoja, Yaledi, aliniuliza nasomea nini.
Magonjwa ya akili, nikamwambia.
"Yote?"
Yote, mama.
"Basi utachelewa kuolewa."
Akaendelea kufuma kitambaa bila uzi,
na alipokosea, akafumua.

Muhula wa pili darasa zima tuliugua kwa zamu.
Sechelela alijikuta na wasiwasi uliopitiliza,
Mdachi akadai ana sonona, hasa siku za ada.
Sikucheka nao. Usiku nilizima taa
nikatega sikio, nikisubiri pipa.
Fomu inauliza: yupo mwingine katika ukoo?
Nimewauliza watu hamsini na kitu.
Mimi hajaniuliza mtu.

"Dakika kumi," anasema msimamizi.
Naandika sindano ya kila mwezi, vidonge vya jioni,
ushauri nasaha, familia ishirikishwe.
Familia ishirikishwe. Naipigia mstari
na lile fundo linanijia vidoleni.
Nilijua kulifungua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu,
vidole vyembamba, na hapakuwa na mtu ndani.
Nikaweka kata ya maji, nikatoka.

Ndahani amerudi kwenye mizabibu. Mikono inamtetemeka,
ni dawa hizo, hivyo matawi yake hukatwa upogo
na mwenye shamba humlipa pungufu.
Jumapili nilimpigia simu. Wapo? nikamuuliza.
"Wapo. Ila siku hizi wanaongea
kama watu waliokaa chumba cha pili."
Akaniagiza betri za redio, zile kubwa, nne.
Redio ikiwaka, alisema,
na wao hunyamaza kusikiliza taarifa ya habari.

Hiyo haimo kwenye mihadhara.
Naiandika kama namba saba, haraka, mwandiko ukipinda,
msimamizi tayari ameshika kona ya karatasi.