Maziwa ya Saa Tisa

Saa tisa usiku, Uru. Mvua imekatika,
umeme nao umekatika,
kama ndugu wawili walioagana.
Nikasikia mtoto analia.
Maziwa yakashuka kabla sijafumbua macho,
yakalowesha kanga, yakalowesha shuka.
Nikapapasa kulia kwangu: Aikande amelala,
ngumi zake mbili zimefungwa
kama mtu aliyeficha nauli.

Basi nani analia?

Mama alinionya siku ya kwanza,
akinipoozea mtori, bakuli hadi bakuli:
"Ukisikia kichanga mgombani, usitoke. Ni komba huyo.
Anajua mbege yangu inaiva lini kuliko wateja."
Nikacheka. Kwetu Majengo tuna paka na panya
na mbwa wa jirani asiyejua anachobwekea.
Lakini titi halichagui sauti.
Titi likiitwa, huitika.

Nikatoka. Peku, siku ya kumi na tisa ya uzazi,
nikienda kama niliyejitwika mtungi uliojaa pomoni,
simu mkononi, chaji asilimia sita.
Migomba ilikuwa bado inadondosha mvua ya jioni,
jani kwa jani. Harufu ya msesewe,
ya ulezi uliochachuka,
ya ng'ombe wetu mmoja gizani, akicheua.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa pipa la bluu.
Masikio mapana, mkia mnene,
povu la mbege kwenye sharubu.
Nilipommulika macho yakawaka,
makaa mawili ambayo hakuna aliyeyapuliza.
Hakukimbia. Aliramba vidole, kimoja kimoja,
taratibu, kama baba mdogo Wenseslaus
akimalizana na ubavu wa mbuzi msibani.
Watu husema kulewa kama komba.
Huyu hakulewa. Alikuwa na kiu tu,
ile kiu ninayoijua, inayoanzia kifuani,
maana mgongoni, ndani ya manyoya,
kitu kilijitingisha:
kichwa kidogo kama kokwa ya parachichi,
nacho kikanitazama.

Tukasimama hivyo, wazazi wawili.
Maziwa yangu yalikuwa yamefika kitovuni.
Sijui yeye aliona nini. Labda mnyama mkubwa
mwenye jicho moja jeupe,
asilimia nne.

"Zima," Mama akasema nyuma yangu. "Unamuumiza macho."
Kumbe alikuwa mlangoni muda wote,
koti la marehemu baba juu ya gauni la kulalia.
Nikazima. Gizani tukamsikia anaramba.
"Na hasara, Mama?"
"Kata moja. Olomi hunikopa ndoo nzima,
wala hana mtoto mgongoni."

Jumamosi Filbert akapanda na pikipiki,
amefunga nyuma mtego wa waya aliounda mwenyewe
kwenye banda lake la Kiboriloni.
Akautegesha chini ya mringaringa,
parachichi lililoiva ndani, pumzi ya mbege juu yake.
Akatueleza. Hasara. Kichaa cha mbwa.
Na sasa kuna kichanga ndani ya nyumba hii,
mnataka mpaka kitokee nini?
Hakusema uongo hata neno moja.
Nilikuwa nanyonyesha. Nikaitikia ndiyo,
nikaitikia ndiyo tena.

Usiku ule sikungoja kilio.
Nilikwenda na mwiko wa mtori,
nikaupenyeza pale alipotuonyesha, taratibu, nikagusa.
Kishindo kimoja. Mbwa wa ng'ambo ya mfereji
wakaamka wote, wakabweka, wakasahau sababu.
Juu mtini, kimya.
Halafu tawi likashuka kidogo,
likapanda.

Asubuhi Filbert alikuta mtego umeuma mwiko.
Akanitazama mimi, akamtazama Mama.
Mama alitazama mlima,
ingawa mlima ulikuwa umejifunika tangu Jumanne
na hakukuwa na cha kutazama.
Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi,
leo mtori tutaukoroga na nini.