Kufuli la Tatu

"Zsombor, shika ngazi," akasema Piroska,
nami nikaishika, kwa kuwa ndiyo kazi yangu:
kushika ngazi, kubeba waya, kunyamaza.
Miskolc imelala. Novemba, baridi ya kupasua midomo,
tramu ya mwisho imekwisha kupita,
na ghorofa ya nne ya hospitali imebaki na taa za buluu
na pumzi za watu wanaosaidiwa kupumua.

Tumekuja kubadili kufuli lisiloonekana.

Miaka kumi na mitatu neno la siri lilikuwa moja:
jina la timu ya mpira na mwaka aliozaliwa daktari mkuu.
Wauguzi wanalijua. Wagonjwa wanalijua.
Mjukuu wa marehemu wa mwaka juzi bado analijua,
na muuza soseji ng'ambo ya barabara
hutazama mechi kwa mtandao wetu, wala haoni haya.

"Kufuli la kwanza nililifunga mwenyewe,"
Piroska akasema, bisibisi mdomoni.
"Tukaliita usalama. Likapasuka kama yai.
La pili tukaliapia. Vijana wakakaa garini, kompyuta mapajani,
wakanasa salamu moja tu, ile ya kupeana mkono,
wakaenda nayo nyumbani kuikisia,
maneno milioni kwa usiku,
na mwenye nyumba hajui kuwa mlango wake unatekenywa."

"Na hili la tatu?"

"Hili salamu yake inaitwa kereng'ende."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Anayebisha, akasema, atabisha papa hapa, uso kwa uso;
kila kisio ni hodi mpya,
hakuna kubeba salamu ukaivunjie gizani.
Wala mtu hawezi tena kuiga sauti ya ruta, akasema "tokeni,"
na mashine zote, kwa utii wa kondoo, zikatoka.
Na kila mazungumzo yana ufunguo wake, ukishatumika unayeyuka:
aibaye neno la siri kesho
hafungui yaliyosemwa jana.
"Hata mimi," akasema, "siwezi kuyafungua."

Akasita pale juu.
Mumewe alifia ghorofa hii, chumba cha sita,
akimwandikia ujumbe kwa kidole kimoja.
Nikaishika ngazi kwa nguvu zaidi.

Saa nane na dakika kumi tukabonyeza.
Zikarudi moja moja: vitanda, mizani,
kompyuta ya muuguzi Emőke yenye stika ya paka.
Kijani, kijani, kijani.

Isipokuwa pampu ya dawa, chumba cha tisa,
kongwe kuliko mimi.
Ilipiga hodi kwa lugha ya zamani.
Ikapiga tena.
Ikapiga tena.
Bi Terka amelala mdomo wazi,
dawa inashuka tone baada ya tone,
na hakuna ajuaye hesabu ya matone ila pampu yenyewe.

"Tuiachie mlango mdogo," nikasema, "ule wa zamani.
Kiwango kinaruhusu. Kipindi cha mpito."

"Kipindi cha mpito," akasema Piroska,
"nimewahi kukiona kikiota mvi."

Akapiga magoti. Akavuta waya wa manjano kutoka koridoni,
mita kumi na moja,
akaupitisha uvunguni mwa kitanda, akaubana ukutani,
kibano kwa kibano, asimwamshe mtu.
Pampu ikaacha kubisha.
Kijani.

Asubuhi, kwenye kalenda ya duka la dawa,
juu ya picha ya ziwa,
Emőke alikuwa ameliandika neno jipya lote,
herufi ishirini na mbili, kwa mwandiko mzuri ajabu,
akalipigia mstari mara mbili.

Piroska akalisoma. Akavua miwani, akaifuta,
akalisoma tena.

"Zsombor," akasema,
"rudisha ngazi."