Pumzi ya Gurudumu

Usiniulize mangwe gani ina tembo tamu.
Niulize ipi ina ukuta wa kuegemeza baiskeli,
ukuta ninaouona nikiwa nimekaa.
Mengine tutayazungumza njiani.

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
mimi na Fondo fundi redio
tunaiacha Malindi ikipiga mswaki.
Kwenye karia, muhogo wa kuchemsha.
Mnyororo wangu umelambishwa mafuta ya nazi,
maana ya gari yamepanda bei,
na sasa nikikanyaga pedeli nanukia wali.

Ganda, kwa Ngumbao.
Ngumbao ni mgema hodari lakini simsifu:
methali naijua, na maji nimebeba yangu.
Kosa lake ni moja, baiskeli hazina kivuli.
Unailaza juani kama papa wa kuanikwa,
ukirudi, kiti kinakuunguza
mahali usipoweza kumwonyesha daktari.
Kata moja. Tunaaga.

Kuanzia hapo barabara huacha adabu.
Changarawe, mchanga, kisha vijiwe
vyenye kinyongo na mtu binafsi.
Fondo ana gia kumi na nane, zinazoitika ni mbili.
Mimi na blakimamba langu, gia ni goti.
Mama mwenye mzigo wa kuni anatupita kwenye mwinuko,
anatupa pole bila kugeuza shingo.

Kakuyuni.
Hapo ndipo kwa Nyevu.

Ana pampu ya mguu, kaifunga kamba kwenye benchi kama beberu.
Ana karai la maji la kutafutia pancha,
na ole wako unawe mikono humo.
Ana kipande cha sabuni kwa vidole vyenye grisi,
dagaa wa kukaanga, pilipili, ndimu,
mirija iliyooshwa ikaoshwa tena.
Na ana sheria.

Ukigusa kata ya tatu, anainuka.
Hasemi neno. Anachutama kwenye gurudumu lako la nyuma,
anafungua valvu kwa vidole viwili,
fsssss,
anaifunga kwenye pindo la leso.
"Pumzi ya baiskeli ninayo mimi.
Kula. Lala. Halafu utaidai."

Mwalimu mmoja wa Jilore alibisha.
Alisema yeye ana digrii.
Akasukuma baiskeli hadi kwake usiku,
tairi likimpigia makofi njia nzima.
Jumamosi iliyofuata alifika na valvu mkononi,
akaikabidhi kabla hata ya kuagiza.

Nyuma ya Nyevu, juu ya pipa,
umetundikwa uma wa mbele wa baiskeli,
rangi ya kijani bado ipo,
umepinda kama kidole kinachomwita mtu.
Hauna vumbi.
Fondo huuliza kila kitu, bei ya bati, umri wa mbuzi,
nani alichomelea lango.
Siku ile alifungua mdomo akiutazama uma,
akaufunga,
akaomba chumvi.

Nililala chini ya makuti, mdomo wazi, nadhani nilikoroma.
Niliamka saa tisa na alama za mkeka shavuni.
Nyevu akafungua fundo: valvu nne,
shilingi ishirini, kidonge cha kichwa.
Hakuuliza ipi ni yangu.
Aliitoa, akaipangusa, akanipa.

Nikapiga pampu nikihesabu kwa sauti,
Fondo akihesabu tofauti ili kunivuruga.
Ishirini na tano. Ishirini na sita.
Nikabonyeza tairi kwa dole gumba, nikaona yatosha.
Yeye alikuwa ameshatupa kisogo,
anasuuza kata.

"Ongeza mbili," akasema.
"Kule mbele kuna mteremko."

Nikaongeza tatu.