Mpaka wa Masale

Sanduku lilikuwa la biskuti, kutu imelila pembeni,
na ndani, kati ya karatasi za nta, vioo hamsini na vitatu.
Mchungaji akasema: piga kila kimoja kwa simu,
shilingi mia tano kwa picha, na usivunje.
Nikakaa Kidia siku tatu, stoo ya nyuma ya kanisa,
shuka jeupe dirishani, vuli ikigonga bati,
nikiinua kioo baada ya kioo kwenye mwanga
kama mtu anayepima yai.

Kwanza mlima. Kila mara mlima kwanza.
Kibo amejitanda theluji hadi kiunoni;
siku hizi amebakiwa na kofia, nayo imetoboka.

Halafu nyumba ya Bwana Hausner: ngazi tano, baraza,
mkewe na kola iliyombana mpaka kidevuni
katika jua la Februari.
Nilimwonea huruma kidogo. Mikono yake haikujua ikae wapi.
Ukingoni mtu ameandika kwa wino wa zambarau
jina la bwana, jina la bibi,
jina la nyumbu wao, Lotte,
na chini yake: wenyeji wanne.

Nikahesabu. Ni watano.
Wanne wamesimama kama nguzo, wamebana pumzi kwa amri.
Wa tano ni mtoto, naye aligeuka.
Labda nzi. Labda mama aliita.
Labda alichoka tu kutazamwa.
Kioo hakikumdaka: amebaki moshi wenye miguu miwili.

Jioni nikampelekea Bibi Ndeaikira, jikoni kwake.
Ana miaka tisini na kitu; hicho kitu hakitaji.
Nilitaka majina, nimeshika kalamu.
Akazipitisha nyuso zote kwa kidole gumba, upesi,
kama anayechambua maharage.
"Hawa siwajui. Nilizaliwa wameshazikwa."

Kisha akarudi nyuma, akaisogeza simu puani.
"Kuza hapa."

Si watu. Si nyumba. Si yule nyumbu.
Pembe ya kushoto, nyuma ya ngazi,
mahali ambapo mpiga picha hakuwa akipiga kitu:
mfongo unakata kona kwenye jiwe lenye nundu,
na kando ya maji, masale,
mstari mmoja ulionyooka kama uliovutwa kwa kamba.

"Jiwe hilo nimelifulia nguo mpaka likawa laini."
Akanyamaza.
Miaka thelathini tumewaambia akina Mkoshi
kwamba kihamba chetu kinafika jiweni na kulivuka.
Baraza la kata limekaa mara sita.
Baba mdogo Elinisafi ana faili nene kuliko Biblia ya madhabahuni.
Watoto wetu na wao hawakopeshani hata kiberiti.

Na masale yale, kwenye kioo,
yanapita upande wetu.
Hatua kumi na mbili ndani ya migomba yetu.

Bwana Hausner aliweka ngazi zake juu ya yote hayo,
akapanda kahawa, akapigwa picha, akaenda zake.
Ngazi bado zipo. Kuku wa Mkoshi wanataga chini yake.

Nikasema, Bibi, hii naweza kuifuta.
Hamsini na mbili, hamsini na tatu, mchungaji hatahesabu.

Akanitazama kama nimetema mate kwenye sufuria.
Chungu kilikuwa kinafoka; akakiepua kwanza,
akapangusa mikono kwenye kanga, bila haraka.
"Kakate jani la isale," akasema.
"La chini, lisilotobolewa na mdudu.
Lifunge fundo, umpelekee Mkoshi usiku huu huu,
kabla Elinisafi hajarudi kutoka mjini."

Nilipofika mlangoni akaniita tena.
"Yule aliyetikisika,
mwandike kuwa ni wa kwetu.
Sisi hatujawahi kujua kutulia."

Nikatoka. Mvua ilikuwa imepungua lakini haijaisha.
Jani mkono huu, simu mkono huu,
nikavuka mfongo gizani
nikihesabu hatua: moja, mbili,
kumi na mbili.