Kapteni wa Mguu Mmoja

Picha ya kwanza: giza.
Shuka jeusi la mama, tumelitoboa kwa sindano,
na tochi ya simu nyuma yake, nyota hizo.

Kapteni tulimwokota Gikomba, shilingi kumi,
mguu mmoja. Kerubo akasema usiufiche,
mwache arukeruke, huko juu nani atajua?

Chombo ni kopo la maziwa ya unga.
Mwezi ni chapati ya jana, imeungua pazuri.

Picha ya tano wanatua, vumbi la ngano linatimka,
na kwenye shimo la kwanza
kasimama keateka, kitabu cha risiti kwapani:
"Kodi mwisho tarehe tano."

Hapo tumekwama. Kapteni atajibu nini?
Wiki nzima tunabishana, Umoja nzima imelala.

Leo asubuhi mwezi umebaki nusu,
na Kerubo anatafuna, hanitazami.