Sepetu Namba Nne

Kaunti ilitupa masepetu matano,
glavu jozi kumi, saizi ya majitu,
na barua yenye muhuri wa zambarau ikisema
chama chetu cha wakazi wa Jericho
kimetambuliwa.

Nilitia sahihi mara tatu, mimi Kerubo,
mtunza vifaa, nisiyelipwa, mwenye ufunguo.
Kila sepetu lina namba kwa rangi nyeupe
na maneno MALI YA KAUNTI,
herufi zimechuruzika kidogo, kama zililia.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa thelathini na saba.
Ya pili, kumi na tisa: kulikuwa na mazishi Mumias, na mechi.
Ya tatu, sita, na mvua.
Mtaro haujali idadi. Ulitoa kilichokuwamo:
viatu vilivyopoteza wenzi, nepi, pasi ya makaa,
simu yenye laini bado,
na tope jeusi linalonuka siri za nyumba kumi na mbili.
Tukarundika kando ya barabara.
Lori ni la kaunti. Kungoja ni kwetu.

Siku ya tisa likaja, saa kumi na moja alfajiri,
dereva akapiga honi moja, ya adabu,
tukatoka na leso, na kaptura, na miswaki mdomoni,
tukapakia mbio mbio asije akaghairi.
Nisiseme uongo:
asubuhi ile nilimpenda yule dereva.

Mwezi wa tatu, mpini wa namba nne ulivunjika
mikononi mwa Atsango, aliyeapa ni jiwe, si yeye.
Niliandikia ofisi ya wadi.
Wakajibu upesi, sikutarajia:
subirini bajeti ya ziada.
Maji hayakusubiri. Yalikuwa yamefika kizingitini kwa Mama Wairuri.

Ndipo Musembi akakata tawi la mkaratusi,
akalichonga kwa panga,
akalilainisha kwa kipande cha chupa,
akalipaka oili chafu ya gereji. Usiku mbili.
Msumari alinunua mwenyewe, shilingi kumi,
na nilipomtolea kumi yake kwenye kikopo cha chama
aliniangalia kama niliyemtukana.

Juni, mwaka wa serikali unafungwa.
Rudisheni vyote bohari vihesabiwe.
Tukajipanga: Makongeni na matoroli yao,
Maringo na reki, sisi na matano yetu begani.
Karani, kijana aitwaye Halkano, akahesabu:
moja, mbili, tatu,
akafika nne, akanyamaza.

"Hili si letu."
"Chuma ni chenu."
"Na mpini?"
"Wetu."
"Sasa mimi niandike nini?"

Mama mmoja wa Maringo akapaza sauti nyuma:
"Mshika makali hamwezi mshika mpini! Andika hivyo!"
Foleni ikacheka. Halkano hakucheka.
Nami nikawaza, methali hiyo ni ya watu wanaogombana.
Sisi na kaunti hatugombani sana.
Hatuaminiani sana pia.
Ya watu kama sisi, waliofungwa kwa msumari mmoja,
sijapata kuisikia.

Alilitoa nje.
Akalichomeka kwenye mchanga ulio langoni,
mara moja, mara mbili, akaweka na mguu.
"Limeshika," akasema, kama anayejiambia.
Akaandika: *Namba nne. Lipo. Hali: nzuri.*

Kisha, akichungulia mlango wa mkubwa wake,
akashusha sauti:
"Huyo fundi wenu anaweza kufika hapa?
Nina mengine kumi na mawili huko nyuma,
hayana mipini tangu mwaka juzi."

Nimempa Musembi salamu zake.
Ameuliza kama kuna nauli.
Nimeandika barua kuuliza, nikaweka na nakala.
Huu ni Agosti, sijajibiwa.
Jioni, nikianika glavu za majitu kwenye kamba,
nasikia panga lake nyuma ya nyumba:
tawi, kimya kidogo,
tawi.